Mashine ya kufulia na ya kukausha katika nyumba mpya ya Lamu: pima nyumba kabla ya kwenda dukani

Binti wa dada yangu ameolewa mwezi uliopita na sasa wanahamia nyumba yao ya ghorofa, huku mtaa wa Langoni. Juzi alinijia na picha tatu za mashine kwenye simu. "Khala, nichukue ipi kati ya hizi?" Nikamwuliza maji ya nyumba hiyo yatoka wapi, na tangi limekaa juu kiasi gani kuliko pale mashine itakapowekwa. Hakujua. Nikamwambia tuziweke kando picha kwanza, twende nyumbani tukapime.

Tulizunguka nyumba ile asubuhi nzima, na yote niliyomwambia nayaandika hapa. Nimesimamia ununuzi wa mashine nne katika ukoo wetu, tatu Lamu na moja Malindi, na kila tatizo tulilolipata lilitoka kwenye nyumba: maji, sakafu, umeme, mlango. Mashine zenyewe zilikuwa nzima.

Ninazungumzia mashine ya mlango wa mbele, ile yenye kioo cha duara, na mashine ya kukausha inayokwenda nayo.

Hatua ya 1: Pima maji

Mashine ya mlango wa mbele haivuti maji. Husubiri yaletwe. Nyuma yake, pale paipu inapoingia, kuna vali ndogo inayofunguka kwa umeme, na vali hiyo hutaka maji yenye msukumo. Mashine nyingi huhitaji presha isiyopungua baa 1, ingawa zipo zinazoridhika na nusu yake. Baa 1 ni takriban uzito wa maji yaliyosimama urefu wa mita 10. Kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya mfereji lakupa baa 0.3 tu. Kwa kuoga latosha. Kwa mashine halitoshi: itanguruma, itasubiri, kisha itaandika kwamba hakuna maji, na mfereji ulio ubavuni mwake ukifunguliwa watiririka vizuri tu.

Hapa nyumba zetu za ghorofa zatufaa sana. Tangi likiwa juu kabisa na mashine ikiwa chini, huenda ukapata mita 8 au 9 bila pampu yoyote. Mashine hiyo hiyo ukiipandisha juu karibu na tangi, ili iwe jirani na kamba za kuanikia, itakunyima raha.

Namna ya kupima ni rahisi. Chukua mtungi wa lita 20, uweke chini ya mfereji utakaotumika, fungua mpaka mwisho, tazama saa. Mashine hutaka angalau lita 8 kwa dakika, kwa hiyo mtungi ujae kwa dakika mbili na nusu au chini ya hapo. Pima mara mbili: tangi likiwa limejaa, na siku nyingine likiwa robo. Katika nyumba ya huyu mtoto wetu mtungi ulijaa kwa dakika mbili tangi likiwa limejaa, na kwa karibu dakika nne likiwa chini. Paipu yenyewe ilikuwa nyembamba na ina viungo vingi. Fundi bomba akaibadilisha, na mambo yakawa sawa. Isingekuwa hivyo, tungetia pampu ndogo ya presha, ile inayojiwasha mfereji ukifunguliwa. Ukiona utaihitaji, bei yake iweke katika hesabu ya mashine tangu mwanzo.

Baada ya msukumo, tazama wingi. Mashine ya mlango wa mbele ya kilo 7 au 8 hutumia kama lita 45 hadi 60 kwa mfuo mmoja, yaani mitungi miwili na robo hadi mitatu. Ile ya mfuniko wa juu hupita lita 100 kwa urahisi. Kwa mji ambao maji hupimwa kwa mtungi, sababu hii pekee yanitosha kuchagua mlango wa mbele. Ila kumbuka: maji yakikatika katikati ya mfuo, nguo zitabaki ndani ya sabuni na mlango umejifunga. Usiwashe ikiwa tangi halina angalau lita 100.

Kisha ubora wa maji, jambo ambalo wauzaji hawakuulizi. Kisiwa chetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, na maji yaliyopita kwenye matumbawe hubeba chokaa. Tazama ndani ya birika lako la kuchemshia chai. Ukiona ukoko mweupe, ujue ukoko huo huo utaushika moto wa mashine, ile chuma inayopasha maji. Chuma iliyovaa chokaa huchelewa kupasha, hula umeme zaidi, na mwisho hufa. Dawa yake ni asidi ya ndimu ya unga, gramu 100 hivi ndani ya dramu tupu, lile pipa linalozungusha nguo, mfuo wa nyuzi 60, kila baada ya miezi miwili au mitatu. Na ukifulia maji baridi, ukoko hujengeka polepole zaidi.

Maji ya chumvi ni habari nyingine. Maji matamu yaliyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela hukaa juu ya maji ya bahari, na penye kuchotwa kupita kiasi bahari husogea. Visima vingine mjini huonja chumvi wazi. Weka maji ya kisima chako kwenye chupa, kwangua sabuni kidogo ya mche, tikisa. Yasipotoa povu na yakaacha utando kama maziwa yaliyokatika, usiyaunganishe na mashine. Yatakula chuma, yatazifanya nguo nyeupe zipauke kijivu, na sabuni utaimwaga bure. Mwenye jabia linalokinga mvua ana bahati, kwani maji ya mvua ni laini na hayana chokaa. Yachuje tu uchafu kabla hayajafika kwenye pampu.

Kwa walioko Malindi, wanaotumia maji ya Baricho kutoka Mto Sabaki, shida huwa si chumvi. Ni mchanga na kutu vinavyotangulia maji yanaporudi mferejini baada ya kukatika. Fungua mfereji wa nje kwanza, yamwagike mpaka yawe meupe, kisha ndipo uwashe. Nyuma ya mashine, mdomoni mwa paipu, kuna kichujio kidogo chenye umbo la kofia. Kitoe kila mwezi, kisugue kwa mswaki mkuukuu. Nimeona mashine ikitangazwa kuwa imekufa, kumbe kichujio hicho kimeziba.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Chini. Ikiwa nyumba ni ya kale au imejengwa kwa mtindo wa kale, weka mashine sakafu ya chini kabisa.

Sababu ya kwanza umeshaiona, ni msukumo wa maji. Ya pili ni mtikisiko. Mashine ya kilo 8 ina uzito wa kilo 65 hadi 75 ikiwa tupu, maana ndani imewekewa zege ili isiruke, kisha hujaa maji na nguo, na mwisho huzungusha dramu mara 1,200 au 1,400 kwa dakika. Ghorofa zetu za kale zimebebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Zimevumilia mengi hizo, lakini mtikisiko wa kila siku huachanisha chokaa na jiwe. Utaanza kuona vumbi jeupe likianguka kwenye chumba cha chini. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata bila orodha, nyumba ya mababu haitikiswi kwa ajili ya shuka.

Kwa nyumba mpya za zege, kama nyingi za Malindi, ghorofani pia hakuna neno, mradi sakafu iwe ngumu na iliyonyooka. Leta pimamaji uhakikishe.

Nafasi: upana wa kawaida ni sentimita 60, urefu 85, na kina kati ya 45 na 65. Ongeza sentimita 10 nyuma kwa ajili ya mipira ya maji, sentimita 2 kila ubavu, na mbele nafasi ya mlango kufunguka na mtu kuchutama na beseni. Watu hupima mashine na kumsahau mfuaji.

Maji machafu nayo yataka njia. Mashine hutema maji kwa kasi, na mpira wake wa kutolea huinuliwa sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni. Ukiulaza chini, maji hujinyonya yenyewe na kutoka mashine ikiwa bado inajaza, na utashangaa kwa nini mfuo hauishi. Usiyaelekeze njiani kwa jirani. Muulize fundi kama shimo lako litayameza, na kama mtaro umepita karibu, usafishe kwanza.

Na jambo la upepo wa bahari: usiiweke juu ya paa wala kwenye ua ulio wazi, hata ukiifunika. Hewa ya chumvi huanza kwenye skrubu za nyuma, kisha huingia kwenye bati. Iwe ndani, na kila wiki ipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu, kisha kikavu.

Hatua ya 3: Umeme

Hesabu ni hii. Mashine ya kufulia ikipasha maji huvuta kama wati 2,000. Kwa volti 240 hiyo ni zaidi ya ampea 8. Mashine ya kukausha ya kawaida huvuta wati 2,000 hadi 2,700. Ukizichomeka zote mbili kwenye ekstensheni moja, waya utapata moto na plagi itayeyuka. Kila moja iwe na soketi yake ya ukutani, yenye fyuzi ya ampea 13, na fundi stima ahakikishe waya wa ardhi upo na unafanya kazi. Maji na umeme viko mahali pamoja hapa. Usikubali kuambiwa "si lazima".

Kile kifaa kidogo cha kulindia friji hakifai. Vingi vimetengenezwa kwa ampea 5. Nunua kinachobeba ampea 13 au zaidi, kwa sababu mashine za siku hizi zina bodi ya elektroniki inayoungua stima ikipanda ghafla, na bodi ndiyo sehemu ghali kuliko zote.

Mwenye sola aangalie kama invata yake, kifaa kinachogeuza umeme wa sola kuwa wa nyumbani, yamudu wati 2,000. Kama haimudu, fua kwa maji baridi saa za jua kali. Hapo mota pekee huvuta kiasi kidogo sana. Kwa joto letu la pwani, maji ya "baridi" yatoka kwenye tangi tayari yakiwa na uvuguvugu.

Hatua ya 4: Sasa mashine ya kufulia yenyewe

Kilo 7 au 8 zatosha watu wanne hadi sita. Kilo zinazoandikwa ni za nguo kavu. Taulo kubwa la kuogea lakaribia gramu 600, shuka la kitanda kikubwa kama gramu 700, na utaona kwamba mashuka ya vitanda viwili na taulo nne tayari ni zaidi ya nusu ya mzigo. Mwenye vyumba vya wageni achukue 9 au 10. Kununua kubwa kwa nyumba ya watu wawili si busara, maana taulo moja zito ndani ya dramu kubwa huenda upande mmoja, na mashine hukataa kukamua.

Kasi ya kukamua ndiyo namba ninayoitazama kabla ya nyingine. Katika mizunguko 1,000, nguo za kilo 8 hutoka na maji karibu lita 5 ndani yake. Katika 1,400 hutoka na lita 4 hivi. Lita moja yaonekana ndogo, lakini ndiyo tofauti kati ya kanzu inayokauka kabla ya adhuhuri na inayokauka alasiri, na ukitumia mashine ya kukausha, kila lita huitoa kwa umeme. Chukua 1,200 kwenda juu.

Mota iitwayo ya invata, isiyo na zile kaboni zinazosuguana na kulika, hukaa kimya na hudumu. Mfuo wa haraka wa dakika 15 au 30 ni mzuri kwa kanzu iliyovaliwa mara moja. Kitufe cha kuongeza suuza ni lazima kiwepo. Nitaeleza kwa nini mwishoni. Kufuli ya watoto, lazima. Mambo ya kuwasha mashine kwa simu, mvuke, taa za rangi, sijaona yakimfaa mtu hapa.

Lebo ya matumizi ya umeme isome, lakini usilipie maradufu kwa ajili yake kwenye mashine ya kufulia. Mfuo wa nyuzi 60 hula kama yuniti moja, wa nyuzi 40 chini ya hapo, na wa maji baridi sehemu ndogo sana. Tofauti kubwa iko kwenye kidole chako unapochagua joto.

Hatua ya 5: Je, wahitaji ya kukausha?

Nasema kwa moyo mmoja: wengi wetu hatuihitaji mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jua na upepo wa paani hukausha leso iliyokamuliwa vizuri kabla hujamaliza kupika. Lakini masika yakishika, Mei hasa, nguo hulala kwenye kamba siku mbili na kuanza kunuka uvundo. Nyumba inayoelekea bahari, kusi ikivuma, kile ulichoanika chafyonza unyevu wa chumvi na kuwa kama hakijakauka. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, kwa anayemtunza mgonjwa wa kitandani, kwa mwenye wageni wanaohama kila siku mbili, mashine ya kukausha si anasa. Huyu mtoto wetu ataka watoto, na mumewe ana vyumba viwili vya kukodisha. Tukakubaliana ainunue.

Ziko za aina tatu.

Ya kwanza hutoa hewa ya moto na mvuke nje kwa bomba pana la kama sentimita 10. Ni rahisi kununua. Lakini lazima utoboe ukuta, na ukuta wa mawe wa mji wa kale ni mnene na nyumba zenyewe zimehifadhiwa, hazitobolewi bila idhini. Bila tundu, mvuke wote hubaki chumbani, na baada ya mwezi ukuta wa chokaa waota ukungu mweusi. Kwa Lamu naikataa. Kwa nyumba mpya Malindi yenye ukuta wa nje, yawezekana.

Ya pili hugeuza mvuke kuwa maji na kuyaweka kwenye tangi dogo unalomwaga mwenyewe. Haihitaji tundu, lakini hula umeme sana na huchemsha chumba.

Ya tatu ni ya pampu ya joto. Yafanya kazi kama friji: gesi iliyo ndani huchukua joto na kulirudisha kwenye nguo badala ya kulitupa. Bei yake ya kununua ni juu, na mzigo mmoja huchukua muda mrefu zaidi, lakini fanya hesabu. Mzigo kamili wa kilo 8 kwa aina ya pili hula karibu yuniti 4.5, kwa pampu ya joto kama 2. Ukikausha mara tatu kwa wiki, wabakisha yuniti 7.5 kila wiki, zaidi ya 30 kwa mwezi. Chukua tokeni yako ya mwisho ya stima, gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopewa, zidisha kwa 30. Jibu liweke kando ya tofauti ya bei dukani, utaona itajilipa kwa muda gani. Pia haipandishi joto kali, kwa hiyo buibui na nguo za nailoni haziharibiki.

Ina sharti lake. Mashine za pampu ya joto hutengenezwa kwa chumba cha nyuzi 5 hadi 35. Februari na Machi chumba kidogo kilichofungwa hapa chapita hapo kwa urahisi mashine ikiwa inafanya kazi. Iweke penye dirisha, mlango uwe wazi, na siku za joto kali itumie usiku. Vichujio vya nyuzi visafishwe kila baada ya mzigo, bila kukosa. Nyuzi kavu na joto ni chanzo cha moto. Kwa sababu hiyo hiyo usikaushe ndani yake vitambaa vilivyolowa samli au mafuta ya kupikia, hata baada ya kufuliwa.

Zipo na mashine za kazi mbili, kufua na kukausha ndani ya dramu moja. Kwa fleti ndogo zavutia. Jua tu kwamba hukausha nusu tu ya ulichofua, au zaidi kidogo. Zilizoandikwa kilo 8 za kufua mara nyingi ni 5 za kukausha, kwa hiyo utatoa sehemu uanike au usubiri. Nyingine hutumia maji ya mfereji kupoza mvuke, na maji hayo humwagika. Kwa tangi letu, hapana.

Ikiwa nafasi ni finyu, ya kukausha hukaa juu ya ya kufulia kwa fremu maalumu. Nunua za kampuni moja ili fremu iingie, na usiweke moja juu ya nyingine bila fremu.

Hatua ya 6: Duka

Kabla ya kulipa, zungumza na fundi atakayeitengeneza, si muuzaji. Muulize: mpira wa mlango, pampu ya kutolea maji na beringi za mashine hii wazipata Mombasa kwa siku ngapi? LG, Samsung, Bosch, Hisense, Ramtons, Von, zote hupatikana Kenya, na fundi wako atakuwa na zile alizozizoea. Mashine ya wastani ambayo fundi aijua yafaa kuliko nzuri ambayo hakuna anayeigusa kisiwani. Muulize pia kama dramu lafunguka kwa bolti au limechomelewa. Lililochomelewa, beringi zikiisha, mara nyingi huambiwa ununue dramu zima.

Waranti: uliza kama fundi wao hufika Lamu, au mashine ndiyo itakayosafirishwa, na kwa gharama ya nani. Jibu liandikwe kwenye risiti.

Hatua ya 7: Kutoka dukani hadi ndani

Malindi tuktuk ya mizigo yamaliza kazi. Lamu mashine hufika Mokowe kwa lori au basi, kisha hupanda mashua. Isimame wima safari nzima, ifunikwe turubai pande zote, kwa sababu rasharasha ya bahari ikiingia kwenye bodi utaijua baada ya miezi sita. Ya pampu ya joto ikilazimika kulazwa, iache imesimama nyumbani kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu chake kabla ya kuiwasha, ili mafuta yarudi mahali pake.

Usimpakie punda. Shogi hubeba mchanga na mawe kwa kusawazisha pande mbili. Mashine haina pande mbili, na punda hastahili mzigo wa kilo 70 unaoning'inia ubavu mmoja. Mkokoteni hadi pale njia inaporuhusu, kisha hamali wanne na mipiko. Siku moja kabla, tembea njia yenyewe na futi mkononi. Pima kona, pima ngazi, pima mlango. Mlango wa nakshi fungua mbao zote mbili, na mlango wa chumba cha ndani ndio upimwe kwanza, huwa mwembamba kuliko wa mbele. Bila boksi mashine hupungua sentimita kadhaa.

Hatua ya 8: Kuifunga

Mashine yetu ya kwanza tuliifunga wenyewe, mimi na kaka yangu. Ilipofika kwenye kukamua ilitoka ukutani, ikatembea hadi katikati ya chumba ikipiga kelele kama mawe ndani ya debe, ikang'oa paipu. Maji yalifika dakani, ule ukumbi wa mlangoni. Mama alikuwa ameketi humo na uradi wake, akaniita kwa jina langu kamili, na mpaka leo nikiona bolti nalikumbuka jina hilo.

Kulikuwa na bolti nne nyuma ya mashine ambazo hatukuzitoa. Ni bolti za usafiri. Hulishika dramu lisicheze njiani. Zote nne, wakati mwingine tatu, hutolewa kwa spana kabla ya mfuo wa kwanza, na matundu hufunikwa kwa vifuniko vya plastiki vilivyo kwenye mfuko wa kitabu. Zihifadhi. Siku ya kuhama zitatakiwa tena.

Kisha sawazisha miguu kwa pimamaji, mbele na ubavuni. Bonyeza kila pembe kwa kiganja. Ikinesa, zungusha mguu huo. Kaza nati za miguu. Unganisha mpira, fungua mfereji, pitisha kidole kikavu kwenye kila kiungo uone kama kuna unyevu. Mfuo wa kwanza uwe mtupu, nyuzi 60, sabuni kidogo, kuondoa mafuta ya kiwandani.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza

Sabuni iwe ya mashine, isiyo na povu jingi. Ya kufulia kwa mkono hujaza povu na mashine husimama. Leso mpya huchuja rangi: ifue peke yake mara mbili tatu. Buibui ligeuzwe ndani nje, maji baridi, kukamua polepole. Kanzu nyeupe, shingo na mikono ya kanzu paka sabuni ya mche kwanza, kisha nyuzi 40 au 60 na nguo nyeupe tupu. Neti yenye dawa ya mbu usiitie kabisa. Ifue kwa mkono, maji baridi, ianike kivulini.

Na kuhusu twahara ya nguo, maana ndilo swali la kwanza la kila mama: nguo yenye najisi ondoa najisi yenyewe kwa maji ya kumimina kwanza, ndipo itiwe na nyingine. Mashine humwaga maji ya mfuo na kuingiza mapya mara mbili au tatu, na kitufe cha kuongeza suuza huongeza mara nyingine. Mwenye shaka amwulize sheikh wake kabla ya kununua, amweleze hivyo hivyo inavyofanya kazi.

Ukimaliza, kausha mpira wa mlango kwa kitambaa, mkunjo wa chini hasa, ndiko kunakoota ukungu, na mlango uuache wazi. Hapo ndipo paka wa Lamu wanapoingia, maana ndani kuna baridi na giza. Watoto wadogo nao hupenda duara lile. Kila mara kabla ya kufunga, tia mkono ndani hadi nyuma, zungusha dramu mara moja, tazama, kisha funga.